Kwa Nini Breki ya Mbele ya Pikipiki Hulia

Siku ya mnada, pikipiki zinazoingia mjini Singida kutoka Ilongero, Mtinko na Ikungi aghalabu husikika kabla hazijaonekana. Husikika kwa ngurumo za injini, na husikika pia kwa mlio mwembamba, mkali, utokao kwenye gurudumu la mbele kila mwendeshaji anapobana breki. Mlio huo huwakera abiria, huwashtua ng'ombe, na humtia haya mwenye chombo, kwa maana huwa kama tangazo la kwamba pikipiki yake imechakaa. Kwa hiyo dawa zake za mitaani ni nyingi, na baadhi yake ni za hatari. Yuko anayedondoshea oili kidogo ndani ya ngoma ya breki, na mlio ukakoma papo hapo. Yuko anayelegeza waya wa breki ya mbele mpaka usivute kitu, akabaki na breki ya nyuma peke yake, huku akijitetea kwamba breki ya mbele "inapindua". Kwa njia zote mbili kelele imekwisha, na breki nayo imekwisha.

Kabla ya kutafuta dawa, yafaa kuuliza sauti yenyewe inazaliwaje. Jibu lake halihitaji maabara kubwa. Vifaa vya kwanza vimo darasani.

Chaki ubaoni

Kila mwalimu anajua kwamba chaki huweza kupiga ukelele. Ikishikwa kwa kulazwa, mkono ukitangulia na ncha ikiburutwa nyuma, huandika kimya. Ikishikwa karibu wima na kusukumwa ncha ikiwa mbele, hulia hata darasa zima likaziba masikio. Chaki ni ileile na ubao ni uleule. Kilichobadilika ni pembe. Katika hali ya pili msuguano unaoirudisha ncha nyuma huizungusha chaki na kuikandamiza zaidi ubaoni, na kadiri inavyokandamizwa ndivyo msuguano unavyozidi. Ncha hunasa, mkono ukaendelea kusogea, chaki ikapindika kidogo sana kama upinde, kisha ncha ikachomoka, ikateleza na kunasa tena. Kunasa na kuchomoka huko hutokea mara mamia au maelfu kwa sekunde, na hewa iliyo jirani hutetemeshwa kwa kiasi hichohicho. Mtetemo huo wa hewa ndio sauti.

Chanzo chake ni jambo ambalo Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb alilichunguza kwa makini katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1785: nguvu inayohitajika kukitoa kitu mahali kilipotulia kwa kawaida ni kubwa kuliko ile inayohitajika kukiendeleza kikishaanza kuteleza. Msuguano tuli hushinda msuguano wa mwendo. Tofauti hiyo ikiwa kubwa, mteremko wa kitu huwa wa kushtukashtuka badala ya kuwa laini. Si kila mara tofauti hiyo ni balaa. Upinde wa zeze huliza uzi kwa kanuni hiyohiyo, na marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka sauti yake hata ng'ambo ya bahari. Mlango usiotiwa mafuta bawabani nao huimba kwa kanuni hiyo, ila hakuna anayelipa kiingilio kuusikiliza.

Sasa itazamwe breki ya ngoma, aina iliyo kwenye magurudumu ya mbele ya pikipiki nyingi za bei nafuu zinazobeba abiria vijijini. Ndani ya kitovu cha gurudumu mna duara la chuma cha kusubu linalozunguka pamoja na gurudumu. Hilo ndilo ngoma. Ndani ya ngoma mna viatu viwili vya breki vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo havizunguki. Kila kiatu kimebandikwa tabaka la msuguano mgongoni. Upande mmoja viatu hivyo vimeegemea pini, na upande wa pili vinakutana kwenye kamu, yaani kipande bapa cha chuma ambacho, waya ukivutwa, hugeuka na kuvitanua. Kiatu kimoja kati ya hivyo viwili ni kama chaki iliyosukumwa ncha mbele: ngoma inapozunguka hukiburuta kuelekea kwenye pini yake, na kwa kukiburuta hukikandamiza zaidi. Mafundi hukitambua kwa urahisi, kwa kuwa ndicho kinachoisha kwanza. Hicho ndicho kinachofanya kazi kubwa ya kusimamisha, na ndicho mlizi mkuu.

Mlio wa breki huwa na mitetemo kati ya 1,000 na 16,000 hivi kwa sekunde. Kwa bahati mbaya sikio la binadamu ni jepesi zaidi baina ya mitetemo 2,000 na 5,000, kwa hiyo mtikisiko mdogo usioonekana kwa macho huweza kusikika hata mtaa wa pili. Watafiti wa siku hizi wameongeza jambo moja juu ya maelezo ya kunasa na kuchomoka. Hata kiatu kisiponasa kabisa, mtetemo wake wa kwenda mbele na nyuma huweza kushikana na mtetemo wake wa kugonga ngoma, kila mmoja ukimlisha mwenzake nishati inayotoka kwenye mzunguko wa gurudumu. Ngoma nayo, ikiwa chombo cha chuma cha mviringo, huvuma kama kengele iliyogongwa.

Vumbi la itale

Singida ina sababu yake ya kuzidisha tatizo hili. Mtu aliyefika mjini hapo hawezi kusahau majabali makubwa ya itale yaliyopandana kandokando ya ziwa Singidani na ziwa Kindai. Mawe hayo yakimomonyoka kwa karne na karne huacha mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga huo ni madini ya kwatzi. Katika kipimo cha ugumu kilichotungwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, ambamo talki ni 1 na almasi ni 10, kwatzi ni 7. Chuma cha kusubu cha ngoma ya breki hakifiki hapo. Maana yake ni kwamba chembe moja ya vumbi la barabarani, ikiingia kati ya kiatu na ngoma, hukwaruza chuma kama msasa ukwaruzavyo ubao.

Mvua za mkoa huu huanza kwenye Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei. Miezi iliyobaki ni vumbi. Vumbi jembamba huingia ndani ya ngoma, hujichanganya na unga wa tabaka la msuguano, na kwa joto na mgandamizo hushindiliwa juu ya kiatu mpaka uso wake ukang'aa kama kioo. Uso uliong'aa hivyo hushika vibaya na hulia sana. Wakati wa masika hutokea jambo jingine: ngoma au diski iliyolala na unyevu huota kutu nyembamba usiku mmoja tu, na asubuhi breki hulia mara tatu au nne kisha ikanyamaza, kutu ikiwa imefutika. Mlio wa namna hiyo si ugonjwa. Lakini mwenye kuosha pikipiki yake kwa maji ya maziwa yale mawili, ambayo ni ya chumvi, hujitafutia kutu isiyofutika upesi.

Gurudumu lenye kazi kubwa

Je, kuna ubaya gani kuishi bila breki ya mbele? Hesabu ndogo ya kidato cha tatu yatosha kujibu. Ichukuliwe pikipiki yenye uzito wa kilo 120, dereva na abiria wake wana kilo 140, jumla kilo 260. Uzani wake wote ni nyutoni 2,550 hivi. Ikisimama tuli na abiria nyuma, gurudumu la mbele hubeba kama nyutoni 1,000 tu, na la nyuma hubeba zinazobaki. Breki zikishikwa kwa nguvu mambo hugeuka. Kitovu cha uzito kiko juu ya barabara, tuseme sentimita 65, ilhali nguvu ya breki inafanya kazi chini kwenye matairi. Kwa hiyo chombo chote hutaka kuinama mbele. Mwendo ukipungua kwa mita 6 kwa sekunde katika kila sekunde, na umbali kati ya magurudumu ukiwa mita 1.25, nyutoni 800 hivi za uzani huhama kutoka gurudumu la nyuma kwenda la mbele. La mbele sasa hubeba zaidi ya nyutoni 1,800, karibu robo tatu ya uzani wote, na tairi hushika barabara kwa kadiri linavyokandamizwa. Gurudumu la nyuma limebaki jepesi. Likibanwa sana husimama kuzunguka na kuserereka.

Katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kwenye lami kavu, pikipiki hiyo ikitumia breki zote mbili ipasavyo husimama ndani ya mita 23 hivi tangu breki ziliposhika. Ikitumia ya nyuma peke yake haiwezi kupunguza mwendo kwa zaidi ya nusu ya kiasi kile, na huhitaji mita 46. Umbali wa nyongeza ni mita 23, na ndani ya umbali huo mna nafasi ya kutosha mtoto wa shule anayevuka barabara.

Hofu ya kupinduka haikutoka hewani, na haifai kudharauliwa. Kwenye mchanga mwingi, au kwenye kokoto zilizolegea za njia za vijijini, breki ya mbele ikibanwa kwa ghafla gurudumu hunasa, usukani hukosa utii, na mwendeshaji huanguka. Lakini hiyo ni hoja ya kuibana kwa upole na mapema. Si hoja ya kuiua. Mwendeshaji huyohuyo, saa moja baadaye, atakuwa juu ya lami.

Na kuna milima. Barabara itokayo Misigiri kwenda Shelui hushuka Sekenke, na upande wa kusini barabara ya Manyoni hupitia ukingo wa Bonde la Ufa. Kusimama mara moja kutoka kilomita 60 kwa saa huigeuza nishati ya mwendo ya kilojouli 36 hivi kuwa joto. Kama joto hilo lote lingeingia katika kilo moja ya chuma, lingekipandisha kwa nyuzi 78 za Selsiasi. Lakini kila mita 100 za kushuka wima hutoa kilojouli 255, ambazo zingetosha kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 40 hadi karibu na kuchemka. Hewa hupoza sehemu ya joto hilo, injini nayo huzuia mwendo ikiwa imo gia ndogo. Anayetia nyutro ili aokoe petroli humwachia kazi yote kiatu chenye unene wa milimita chache. Tabaka la msuguano likipata joto kupita kiasi, gundi yake huanza kuoza na kutoa gesi na utomvu, kushika kunapungua, na likipoa uso wake umegeuka kioo. Breki nyingi zinazolia bondeni zilianza kuharibikia mlimani.

Kazi ya fundi

Matengenezo yenyewe ni ya saa moja au mbili, na hayahitaji vifaa visivyopatikana. Pikipiki husimamishwa kwa stendi ya kati ili gurudumu la mbele lielee, kisha gurudumu huzungushwa kwa mkono. Likiyumba, au likicheza kushoto na kulia, tatizo la kwanza ni beringi au spoki, na hakuna msasa utakaoliponya. Yafaa pia kutofautisha mlio na mkwaruzo. Mlio mwembamba ni mtetemo. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma ni ishara kwamba tabaka limekwisha, na pikipiki hiyo isiendeshwe tena kabla viatu havijabadilishwa.

Ekseli ikifunguliwa na ngoma kutengwa, unga mweusi humwagika. Hapa ndipo penye kosa linalotendeka karibu kila gereji: fundi huupuliza kwa mdomo au kwa pampu. Unga huo una historia. Mwingereza Frederick Lanchester alipopata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, pedi zake zilikuwa za shaba, na kelele yake ilikuwa haivumiliki. Dawa iliyopatikana miaka michache baadaye ilikuwa asbesto, madini yenye nyuzi nyembamba yanayostahimili joto, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ndiyo yaliyotengenezewa breki duniani kote. Baadaye ilithibitika kwamba nyuzi hizo zikivutwa pumzini husababisha saratani na kovu la mapafu, magonjwa yanayoweza kujitokeza baada ya miaka 20 na zaidi. Uingereza ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya ukafuata kikamilifu mwaka 2005. Mtu hawezi kujua kwa kutazama kama kiatu alichonunua dukani kina asbesto au hakina. Kwa hiyo unga ufutwe kwa kitambaa kilicholowa maji, kitambaa kitiwe ndani ya mfuko na kufungwa, na watoto wanaopenda kukaa wakitazama kazi ya fundi waondolewe.

Viatu vikishafutwa husoma vyenyewe. Vikiwa na uso wa kung'aa, visuguliwe kwa msasa uliolowa mpaka viwe hafifu kama ubao wa darasani. Tabaka likiwa chini ya milimita 2, vinunuliwe vipya. Vikiwa vimelowa oili au grisi, vinunuliwe vipya pia, na sili ya kitovu inayovuja ibadilishwe. Wapo wanaoviosha kwa petroli au kuvichoma moto ili mafuta yatoke. Lakini tabaka la msuguano lina vitundu vingi kama sponji, mafuta yaliyonywewa hurudi juu mara breki inapopata joto, na moto huiharibu gundi. Kiatu kilichookolewa hivyo hushika vizuri mtaani na kusaliti mlimani.

Kisha huja hatua inayotibu kelele zaidi kuliko zote, nayo ni ya tupa. Ukingo wa mbele wa tabaka, ule unaokutana kwanza na ngoma inayozunguka, hukatwa mshazari milimita 3 au 4, na ukingo wa pili vivyo hivyo. Ni kuilaza chaki. Ukingo mkali uliokuwa ukichimba chuma sasa hupanda juu yake taratibu. Kamu na pini hupakwa grisi kidogo mno, kiasi cha kupaka kwa ncha ya njiti. Grisi ikizidi itayeyuka na kuishia kwenye viatu. Ngoma nayo ichunguzwe. Ndani ya ngoma nyingi, au kwenye kitovu, kumeandikwa kipenyo cha juu kinachoruhusiwa, na mwanafunzi mwenye vernia anaweza kukipima katika pande mbili au tatu: vipimo vikitofautiana, ngoma imekuwa yai.

Wakati wa kufunga, nati ya ekseli hukazwa mwisho huku mkono wa breki ukiwa umebanwa, ili viatu vijiweke vyenyewe katikati ya ngoma. Jambo hili dogo husahauliwa sana, na kiatu kilichokaa upande hulia hata kikiwa kipya. Waya hurekebishwa mpaka ncha ya mkono wa breki icheze sentimita 2 au 3 kabla breki haijashika. Ambako kitabu cha mtengenezaji kinasema vingine, kitabu kifuatwe.

Breki ya diski, iliyoenea baada ya Honda kuiweka kwenye pikipiki yake ya CB750 mwaka 1969, ina magonjwa yake. Pedi zake mbili hubana bamba la chuma lililo wazi, kwa hiyo vumbi haliwezi kujikusanya kama katika ngoma, lakini matope na oili hulifikia kwa urahisi. Hapa mlio mara nyingi hutokana na pini ambazo juu yake huteleza kalipa, yaani kile kifuko cha chuma kinachozikumbatia pedi. Pini zikikauka, pedi moja hubana na nyingine hukaa, na diski hutetemeka. Zisafishwe na kupakwa grisi inayostahimili joto; mgongo wa pedi upakwe kidogo, uso wake usiguswe kabisa. Diski isafishwe kwa spiriti, na unene wake ulinganishwe na ule uliochongwa juu yake. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani: yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230, lakini yakishalowa huweza kuchemka kwenye nyuzi 155, na mvuke ndani ya mrija haubani kitu. Kuyaongezea oili ya injini kwa sababu yamepungua ni kuziua sili za mpira.

Baada ya kufunga, viatu au pedi huhitaji kuzoeana na chuma. Mwendeshaji huchagua mahali palipo wazi, huenda kwa kilomita 30 au 40 kwa saa, na hupunguza mwendo kwa upole mara 15 au 20, akiacha breki ipoe kati ya mara moja na nyingine. Katika vituo vya kwanza huenda ikalia bado. Ikiendelea kulia baada ya hapo, gurudumu lifunguliwe tena, na safari hii ngoma yenyewe ipelekwe kwa mkerezaji.